Tupeane uzoefu: maji yaliyowahi kukulaza kitandani

Dumu Tupu: Wakuu, leo nimefukua dumu la zamani stoo. Nikachungulia ndani: kuta zote zimevaa kijani, ukigusa panateleza kama sabuni. Tuliyanywa hayo miaka na miaka tukiyaita "safi" kwa kuwa hayakuwa na matope. Wewe maji yalikufanya nini? Mwaga hapa.

Fundi Pampu: Kwetu bomba la mkono lilikaa bubu miezi minne. Ubovu wenyewe? Mpira wa pistoni, kitu unachofumbata kiganjani kikapotea. Watu walishachanga, ila mtunza hazina kila akiulizwa, daftari kalisahau nyumbani. Tukarudi mtoni kunywa na ng'ombe. Ufundi huu nilijifunza kwa hasira.

Kimya Kingi: "Daftari kalisahau" 😂 Kumbe wako kila mahali.

Mama Pacha: Hii sijawahi kuiandika popote. Kisima chetu kilikuwa na maji maangavu, ya baridi, ukinywa unashukuru. Mmoja wa pacha wangu, miezi tisa, akaanza kuharisha jioni. Kufika usiku wa manane utosi umebonyea, analia machozi hayatoki. Nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Kliniki walitufundisha: lita moja ya maji, sukari vijiko sita vya chai vya kufuta, chumvi nusu kijiko. Nikakoroga gizani, nikawa nampa kidogo kidogo. Karibu na alfajiri mama mkwe akauliza, "Hayo maji umechemsha?" Kijiko kikaganda hewani. Nilikuwa namtibu kwa maji yale yale yaliyomwangusha! Tukawasha moto, tukachemsha, sufuria tukaitumbukiza kwenye beseni ipoe haraka, tukaanza upya huku baba yao anahangaikia usafiri. Alilazwa siku tatu. Baadaye nikapima mwenyewe: choo cha jirani kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani, tena upande wa mlimani.

Kimya Kingi: Dada, nimeacha kula. Alipona?

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Ila usijilaumu kwa kumnywesha. Maji ya kuchemsha ni bora, lakini ungemwacha akauke ungempoteza mapema zaidi.

Fundi Pampu: Hatua kumi na mbili! Sisi tunaambiwa zisipungue mita 30, na choo kiwe bondeni mwa kisima. Huyo jirani alihama?

Mama Pacha: Alipona, anasumbua kuliko mwenzake. Jirani alininunia mwaka mzima, choo hakikuhama. Aliyehama ni mimi.

Mzee Chemsha: Ndiyo maana nasema kila siku, CHEMSHENI. Yakishatokota sawasawa ni dakika moja tu. Mnaoishi milimani, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Uvivu ndio unatuua.

Mbishi Halali: Mzee shikamoo, lakini kuni unatuletea wewe? Halafu kwetu shida ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji, watoto wana meno ya kahawia. Ukichemsha, maji yanapungua, floridi inabaki palepale, ndiyo kwanza unaikoleza. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Mzee Chemsha: Marahaba. Nimekunywa ya kuchemsha maisha yangu yote na meno ninayo.

Mbishi Halali: Mangapi?

Nesi Mstaafu: Jamani. Kila mtu ana tatizo lake. Vijidudu unaviua kwa moto au klorini. Floridi na aseniki (sumu inayotoka ardhini) haviogopi chochote kati ya hivyo, hapo tafuta chanzo kingine au chujio maalumu. Na klorini usimwagie maji ya tope: chuja kwanza, tia dawa, subiri nusu saa.

Jua Kali: Mimi nayalaza juani. Chupa angavu ya plastiki, isizidi lita mbili, saa sita za jua. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo.

Mzee Chemsha: Na masika?

Jua Kali: Masika nakinga ya bati, mzee. Ya kwanza namwaga, yameosha kinyesi cha ndege.

Msomi wa Mbali: Hata Marekani, pale mji wa Flint mwaka 2014 walibadilisha chanzo, maji yakala mabomba, madini ya risasi yenye sumu yakaingia kwenye maji ya majumbani.

Mbishi Halali: Mkuu, hao walikuwa na bomba. Sisi tunagombania kamba ya kisima.

Nesi Mstaafu: Flint isidharauliwe, watoto waliumia. Lakini wengi wenu mnaharibu maji ndani ya nyumba. Yanatoka salama, halafu kila mtu anazamisha kikombe na vidole vyake kwenye ndoo.

Kimya Kingi: Nimenyamaza kwa sababu zinazojulikana.

Dumu Tupu: Sasa jamani, dumu langu je? Mkono haupiti.

Fundi Pampu: Tia mchanga mkavu, kokoto chache na maji kidogo, tikisa mpaka bega likuume. Suuza.

Nesi Mstaafu: Kisha klorini.

Mzee Chemsha: Au maji ya moto.

Mbishi Halali: Dumu la plastiki, mzee?