Naomba ushauri: rangi ya maji inabanduka kwenye hadibodi, nitumie msasa namba ngapi?

Mwanagenzi: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchoraji ambaye bado ninajifunza, na nimepewa kazi ya kuchora pundamilia wawili kwenye hadibodi ya sentimita 60 kwa 60. Nilitumia rangi ya maji kwa sababu hukauka upesi na haina harufu kali. Siku ya tatu imeanza kubanduka vipande vipande kama gamba la nyoka, na mteja anakuja Jumamosi. Nimekusudia kuikwangua yote kwa msasa, niufute ubao kwa tina ya kuyeyushia rangi, kisha nianze upya. Swali langu ni moja tu: je, nichukue msasa namba 80 au namba 120?

Fundi wa Keko: Kabla ya msasa, tueleze chini ya hao pundamilia kuna nini. Hadibodi tupu hunywa maji, kwa hiyo rangi ya maji huishika vizuri. Rangi hubanduka kama gamba hasa inapopakwa juu ya kitu kinachoteleza.

Mama Turubai: Kwa maoni yangu kosa ni hiyo hadibodi yenyewe. Mimi niliiacha zamani, sasa ninawamba kitambaa cha pamba kwenye fremu. Hata hivyo nacho kina mambo yake: mtalii mmoja aliikunja picha yangu upande wa rangi ukiwa ndani, na kwa kuwa rangi ya mafuta ya dukani ikishakauka huwa ngumu, ilipasuka twiga mzima kuanzia shingoni. Tangu siku hiyo ninazungusha mwenyewe, upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene.

Mzee wa Busati: Pundamilia akibanduka milia si anabaki punda? Mteja wako alilipia milia, kijana. Enzi zetu tulipaka rangi ya nyuma, tukasubiri ikauke, ndipo tukaweka mwili wa mnyama, tukasubiri tena, na madoadoa yakaja mwisho kwa brashi nyembamba. Ninyi mnataka kila kitu kikauke kabla ya chai.

Mwanagenzi: Ninashukuru, wazee wangu. Ni kweli kwamba ubao ulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani.

Fundi wa Keko: Rangi tupu au picha?

Mwanagenzi: Picha ya kanga wawili. Aliichora marehemu mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Naomba msinihukumu: ilikuwa nyuma ya kabati miaka mingi, moshi wa jikoni umeifubaza, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akiitazama. Malipo ya awali nimeshayatumia kwa kodi ya chumba, nisingeweza kununua ubao mpya.

Mama Turubai: Mjomba wako, halafu namba 80, msasa mkali hivyo!

Fundi wa Keko: Weka msasa chini, na hiyo tina usiifungue kabisa, kwa maana itayeyusha na rangi ya mjomba. Rangi ya mafuta unaweza kuipaka juu ya rangi ya maji iliyokauka. Ukigeuza mpangilio huo, ile ya juu haina pa kushika, na hicho ndicho kilichokupata. Bahati yako ni kwamba kosa lilelile litamwokoa mjomba. Chukua kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ulowanishe kona moja kwanza, kisha uinue rangi iliyolegea kwa kadi ya plastiki bila kukwaruza. Pundamilia wahamie kwenye ubao mwingine.

Shahidi Mkimya: Ninasoma tangu mwanzo na nina mashaka. Jana ilikuwa hadibodi tu, leo ni urithi wa marehemu, na vipimo vimeangukia palepale kwenye sentimita 60 kwa 60, ambavyo kila dalali anajua kuwa ndivyo alivyovipenda Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye mtindo wa picha za Tingatinga unaitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Kesho tutaambiwa kwamba sahihi imeonekana, kwamba ni picha ya kabla hajafariki mwaka 1972, na kwamba bei inazungumzika. Hii si ajali, ni tangazo.

Mzee wa Busati: Mimi nilishaanza kuwahurumia hao kanga.

Mwanagenzi: Ndugu Shahidi, siuzi kitu. Mjomba alifariki mwaka 2009 na hakuwa maarufu hata mtaani kwetu. Vipimo vinafanana kwa sababu ubao mkubwa ukikatwa vipande vya mraba haubakizi chakavu kingi. Nimejaribu kona ya chini kama Fundi alivyoelekeza, na mguu wa kanga mmoja umetokea pamoja na vidole vyake vyote.

Shahidi Mkimya: Basi tuwekee picha ya huo mguu.

Mwanagenzi: Umeme umekatika, nitaiweka asubuhi. Lakini mteja bado anakuja Jumamosi, na namba ya msasa hamjanijibu.