Gemu la matofali la "mashine zote" ni changa la macho, tusidanganyane

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni wa hasira na siupaki sukari, anayetaka maneno laini apite tu.

Nazungumzia lile gemu la matofali yanayoshuka ambalo tangazo lake lilijigamba kuwa ni gemu moja kwa mashine zote. Jina silitaji, sitaki uzi ufungwe kabla haujasomwa, na mnaolicheza mmeshalijua. Lipo kwenye kompyuta, lipo kwenye konsoli zote kubwa, lipo kwenye simu. Halafu ikaja ile apdeti ya kutuchanganya wote kwenye foleni moja ya mashindano: wa padi, wa kibodi, wa kugusa kioo, wote jedwali moja la madaraja. Watu tukashangilia, maana angalau usiku wa manane ulikuwa unapata mpinzani badala ya kukodolea macho lile duara linalozunguka.

Tulichopewa ni magemu matatu yaliyovalishwa nembo moja, yanashindanishwa kana kwamba yanafanana.

Tuanze na vidole, maana hapo ndipo penye wizi wenyewe. Ukishikilia kitufe cha kushoto, kipande kinasogea hatua moja, kinasubiri kidogo, ndipo kinateleza kuelekea ukutani. Huko kusubiri kidogo ndiko kunakotenganisha mtu na mtu. Kwenye Tetris, gemu mama la matofali, ile ya NES (konsoli ya zamani ya Nintendo) ya mwaka 1989, unasubiri fremu 16, yaani picha 16 za skrini, kisha fremu 6 kwa kila hatua inayofuata, na ile mashine inatoa kama fremu 60 kwa sekunde. Ukifika levo za juu kipande kinatua kabla hakijafika unakokitaka. Ndiyo maana watu wakaacha kushikilia kitufe, wakaanza kukigonga kwa mkono unaotetemeka kama mwenye homa, na baadaye ukaja mtindo wa kuviringisha vidole mgongoni mwa padi. Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 huko Marekani aliisukuma Tetris hiyohiyo mpaka ikaganda yenyewe. Hizo jitihada zote ni za kupigania fremu! Lakini kwenye mashindano yao kila mtu anakaa na fremu zilezile 16. Hakuna anayeingia na zake sita alizojipangia kwenye menyu.

Kwetu sasa. Toleo la kompyuta lina ukurasa mzima wa kurekebisha hayo mambo. Unapunguza kusubiri, unaongeza kasi ya kuteleza, na ukitaka kipande kiruke moja kwa moja hadi ukutani, kinaruka. Toleo la konsoli limefungwa, hugusi kitu.

Piga hesabu na mimi. Uwanja una safu wima 10. Kipande cha T kinatokea juu katikati, na kufika ukuta wa kushoto ni hatua tatu. Tuseme wewe umefungiwa kusubiri fremu 10 na kuteleza kwa fremu 2. Hatua ya kwanza inatoka hapohapo, ya pili fremu ya 10, ya tatu fremu ya 12. Mwenzako wa kibodi kajiwekea kusubiri fremu 6 na kuteleza sifuri: fremu ya 6 kipande chake kipo ukutani, kakiangusha, yuko kwenye kingine. Utasema fremu sita ni nini, si ni sehemu ya kumi ya sekunde tu? Sawa. Mtu wa daraja la kati anaangusha vipande viwili kwa sekunde, yaani nusu sekunde kwa kimoja. Kwenye kila kipande cha ukutani umenyang'anywa sehemu ya tano ya muda wako, na aliyekunyang'anya si mpinzani, ni menyu. Halafu mwisho wa msimu mnawekwa kwenye orodha moja, unaambiwa jamaa ana mikono myepesi.

Runinga zinazochelewesha picha sizigusi, hilo kila mtu atafute hali ya gemu kwenye rimoti yake. Wa simu nao nawahurumia, kitufe cha kwenye kioo hakina ukingo, kidole kinatoka nje hata hujui.

Sasa takataka. Kwa wageni wa haya magemu: mstari ukijaa unafutika, na ukifuta miwili kwa mpigo unamtumia mpinzani mstari mmoja wa takataka, unaoingia chini ya uwanja wake na kusukuma matofali yake juu; mitatu unamtumia miwili, minne unamtumia minne. Ukiweza kuizungusha T ikaingia kwenye kishimo chenye paa na kufuta mistari miwili, nayo inatuma minne. Na kuna sheria moja tamu kuliko zote: takataka zikiwa njiani kuja kwako, shambulio lako linazifuta kwanza, kinachobaki ndicho kinamwendea yeye. Bila hiyo sheria hakuna mchezo, kuna anayeanza kumpiga mwenzake tu.

Mechi ya kupanda daraja. Mita nyekundu pembeni inaonyesha minne inakuja. Nimekaa na kishimo changu, paa liko tayari, T nimeihifadhi kwa ajili ya saa hiyohiyo. Naiita, naishusha, naizungusha, inaingia. Mistari miwili inameremeta, mlio wa sifa unalia, mita inashuka hadi sifuri. Nikavuta pumzi. Kisha sakafu ikapanda mistari minne! Minne ileile niliyokwisha kuifuta mbele ya macho yangu. Mnara ukagonga juu, kwaheri daraja.

Nikafungua marudio ya mechi. Kwenye skrini ya mpinzani, T yangu imefika kwa kuchelewa, seva imeshahesabu takataka kuwa zimetua. Kwa hiyo mita yangu ilikuwa inaniburudisha tu, danganya toto. Na hili si la mtu mmoja mwenye intaneti mbovu, pitieni malalamiko humu muone wangapi wanaeleza jambo hilohilo, na wengi wametumia waya, si hewani. Kinachoudhi zaidi ni kwamba linatokea sana mechi ikiwa ya mashine mbili tofauti. Konsoli kwa konsoli mambo yanakwenda. Yaani palepale walipotuahidi maajabu ndipo pameoza.

Kufutana kwa takataka si teknolojia ya jana. Puyo Puyo Tsu, gemu jingine la vipande vinavyoshuka, lilikuja na sheria hiyo mwaka 1994, kwenye mashine ambazo leo simu ya bei rahisi kuliko zote inazicheka. Game Boy mbili mwaka 1989 ziliunganishwa kwa waya mfupi, watu wawili wakatupiana mistari ya Tetris na kila mmoja akapata alichotumiwa. Najua, najua, waya mfupi si sawa na seva iliyoko upande wa pili wa bahari. Lakini kama hamuwezi kuhakikisha mita inasema kweli, basi msiioneshe imefika sifuri. Iacheni ipepese mpaka seva ithibitishe. Mbona ni jambo dogo?

Wanaochomoa waya sitawapa nafasi kubwa humu, wanajijua. Akiona anashindwa anakata mtandao, mechi inaandikwa kuwa haikufanyika, pointi zake ziko salama bin salmini, zako hazijaongezeka. Gemu la mashindano lisilomwadhibu anayekimbia ni la mashindano gani?

Huduma kwa wateja niliwaandikia nikiambatanisha na marudio. Jibu lilianza kwa kunishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao, likaendelea kwa kunishauri nizime ruta kisha niiwashe. Marudio hawakuyagusa, maana jibu lilirudi upesi kuliko muda wa mechi yenyewe. Siku chache baadaye ikashuka apdeti nyingine, nikasema labda. Ndani yake mlikuwa na rangi mpya za matofali, fremu za kupambia picha yako, na wimbo wa sikukuu. Rangi za kununua zinafanya kazi sawasawa kwenye mashine zote, hilo niwape sifa, hazijawahi kuchelewa hata fremu moja.

Na nimenunua gemu hili kwenye konsoli, nikalinunua tena kwenye kompyuta nikidhani akaunti ni ile ile. Akaunti kweli ni ile ile. Daraja halikuhama, rangi nilizolipia hazikuhama. Kilichohama ni jina tu.

Sasa wale wa "ni gemu la matofali tu, mbona unapandisha presha". Ndugu zangu, sheria za Tetris unaweza kumwelekeza mtu kabla chai haijapoa, na tangu Pajitnov aiandike Moscow mwaka 1984 bado watu wanagundua namna mpya za kuicheza. Mchezo mwepesi kiasi hicho hauna pa kuficha uonevu. Hauna bahati ya kadi, kwenye matoleo ya siku hizi kila mmoja anapata vipande saba vilevile kabla havijaanza upya. Ukiondoa usawa wa vidole na usawa wa takataka, kinachobaki ni muziki.

Na wale wa "hamia kompyuta basi" nao watulie. Kama jibu ni kuhamia kompyuta, waandike hivyo kwenye tangazo: konsoli na simu ni za kutazamia.

Ninachotaka si kikubwa. Ule ukurasa wa kurekebisha vidole uletwe kwenye matoleo yote, au foleni zitenganishwe mpaka utakapoletwa. Mita iache kusema uongo. Wakimbiaji wakatwe pointi. Hadi hapo sinunui rangi wala fremu ya picha, na wale wa kompyuta wanaojisifia madaraja humu nitaendelea kuwauliza wameweka kusubiri fremu ngapi.

Wa simu, hebu fungueni mipangilio mtuambie huko kwenu kuna nini. Kwangu kwenye konsoli ukurasa wa "vidhibiti" una kitufe kimoja tu, cha kuzima mtetemo wa padi, na nacho kila nikiwasha gemu nakikuta kimejiwasha.