Naombeni ushauri: usiku wa muvi za kutisha Halloween, mwaka jana nilichemka vibaya

Sijalala_Bado:
Habari zenu wakuu. Tuko watu saba, marafiki wa siku nyingi, na mwaka jana tarehe 31 Oktoba nilijitolea mwenyewe kuandaa usiku wa kuangalia muvi za kutisha mpaka kuche. Nikapanga muvi tano. Tano! Tukaanza saa 3 usiku maana kuna wawili walichelewa, ya kwanza ikaenda vizuri watu wanapiga kelele, ya pili ikaenda, ya tatu nikaweka The Shining, kufika saa 8 nageuka hivi naona wanne wamelala midomo wazi, mmoja yuko kwenye simu mwanga unampiga usoni yaani yeye ndio anatisha kuliko muvi, na dada mmoja ambaye ni muoga kwelikweli yuko jikoni anaosha vyombo. Vyombo vilishaoshwa. Alikuwa anaviosha tena ili asikae sebuleni.

Sasa mwaka huu wamenipa tena kazi hiyo hiyo, sijui kwa upendo au kwa kunikomoa. Naomba mnisaidie, ziwe muvi ngapi na zifuatane vipi, huyu muoga nimfanyeje maana hatutaki kumwacha, halafu kuna jamaa kaziona zote, kila kabla ya tukio utamsikia "subirini sasa, subirini..." Nimepata projekta ya kuazima na spika moja.

Bundi_Mzee:
Mkuu muvi hazikuwa mbaya, hesabu ndio ilikuangusha. The Shining toleo la Marekani linakaribia saa mbili na nusu na linakwenda taratibu makusudi, unaliwekaje saa 7 usiku kwa watu walioshiba?

Tatu zinatosha. Mfano Night of the Living Dead ya 1968 ni dakika 96, The Exorcist ya 1973 ni 122, malizia na Shaun of the Dead ya 2004 ambayo ni 99. Jumla dakika 317, weka mapumziko mawili ya dakika 20, unapata karibu saa sita kamili. Ukianza saa 1 usiku, saa 7 mmemaliza na watu bado wana nguvu ya kubishana. Ila saa 1 iwe saa 1 kweli, atakayechelewa ataikuta katikati. Hitchcock, mwongozaji wa Psycho, mwenyewe mwaka 1960 alitaka kumbi za sinema zisiruhusu mtu kuingia muvi hiyo ikishaanza, sembuse wewe sebuleni kwako.

popo_wa_dari:
Bundi hapo sikubali. Unaweka The Exorcist katikati halafu unamalizia na kichekesho? Watu wamekuja kutishwa, waondoke wametishwa. Kali zaidi inakaa mwisho, ndio raha yenyewe mtu anaogopa hata kwenda chooni.

Bundi_Mzee:
Popo, ile muvi inakaa muda mrefu kabla shetani hajaanza kazi. Ukiiweka saa 5 usiku wanaoifikia sehemu yenyewe ni wawili. Na kumbuka kuna watu wanarudi nyumbani usiku huo peke yao, kichekesho cha mwisho kinawasaidia. Hiyo Shaun ni ya mazombi pia, kwa hiyo aliyeanza na ile ya 1968 anazielewa zile dhihaka zote.

Taa_Zima:
Mnabishana mpangilio wakati hakuna aliyeuliza spika iko wapi. Kwenye muvi za kutisha sauti ni nusu ya kazi kama sio zaidi, jaribu kuangalia muvi ya Halloween ya 1978 ukiwa umezima sauti, unabaki na mtu kavaa barakoa anatembea polepole basi. Ule muziki mwongozaji wake John Carpenter aliutunga mwenyewe, noti chache tu za piano zinajirudia na bado mwili unasisimka. Kwa hiyo spika iweke mbele chini ya ukuta unaorushia picha, sio nyuma ya watu wala pembeni kwenye meza, sauti ikitokea upande mwingine na picha upande mwingine akili inagoma kuamini. Kama unaunganisha kwa bluetooth jaribu mchana maana sauti huwa inachelewa kidogo, mtu anafungua mdomo halafu ukelele unakuja baadaye, hapo badala ya kuogopa watu wanacheka. Waya ni bora.

Projekta inataka giza kweli, funika madirisha na hata vile vitaa vidogo vya chaja. Muvi hizi zina matukio mengi ya gizani, taa moja ya korido ikiwaka mnaangalia ukuta wa kijivu. Kama mtarudi kwenye TV, tafuta ile setingi inayolainisha mwendo wa picha uizime, inafanya kila muvi ionekane tamthilia ya mchana. Na sabutaito zijaribu mapema, sio watu wamekaa ndio unaanza kuhangaika.

Jambo jingine, usiweke The Blair Witch Project kwenye ukuta mkubwa, kamera inatikisika mwanzo mwisho na 1999 kuna watu walipata kichefuchefu ukumbini. Na A Quiet Place, ambayo sehemu kubwa ni kimya, weka bisi zikishaisha. Sisi tuliiangalia na jamaa ana pakiti inakwaruza, tulikaribia kumtoa nje.

Mama_Kijicho:
Mwanangu huyo dada wa vyombo msimsahau. Kwanza muulize anaogopa nini hasa. Mimi damu hainishughulishi hata kidogo, lakini mapepo, wiki nzima nalala taa inawaka. Mwingine mapepo poa tu ila mnyama akiumizwa analia. Kuna tovuti inaitwa Does the Dog Die, watazamaji wanaandika kama mbwa anakufa, kama kuna sindano, kama kuna mambo ya kushtua ghafla, kila muvi na majibu yake. Apitie mwenyewe kabla, akijua kinachokuja anavumilia.

Na asikae mwisho karibu na mlango akiwa peke yake, muwekeni katikati. Atakayemshika bega gizani kwa utani, huyo ndio aoshe vyombo.

rimoti_mkononi:
Huyo jamaa wa "subirini sasa" dawa yake ni moja, weka muvi asiyoiona. Ulizia REC ya Hispania, ya 2007, dakika 78 tu. Akisema ameiona mpe rimoti na kazi ya kutazama muda, mtu mwenye cheo huwa anatulia 😂

Halafu usichague peke yako tena. Kila mtu apendekeze moja, na kila mtu awe na haki ya kukataa moja bila kuulizwa sababu. Lawama zinagawanyika.

popo_wa_dari:
Hiyo ya kukataa moja nimeipenda. Ila bado nasema kali iwe mwisho.

Sijalala_Bado:
Asanteni sana wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimefuata ya rimoti_mkononi, nikawaambia kwenye grupu kila mtu alete moja na akatae moja. Kuanza saa 1 usiku wamekubali, muvi tatu wamekubali, spika naenda kuijaribu kesho mchana kwa waya. Mjuaji wetu REC hajaiona, amekasirika kabisa, hiyo ndio ya kufungulia. Ya mwisho Shaun of the Dead, popo utanisamehe.

Ya katikati ni The Exorcist. Mnajua nani kaipendekeza? Dada wa vyombo. Anasema amesoma kila kitu kwenye ile tovuti ya Mama Kijicho, anajua kila kinachokuja, na safari hii anataka kukaa mbele. Mimi ndio nimeanza kufikiria kwenda jikoni.