Tuwafundisheje vijana wa sekondari hatari ya ulevi barabarani?

Mwalimu wa Malezi (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninafundisha katika sekondari ya kutwa iliyo kando ya barabara kuu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kitengo cha ushauri nasaha. Mahafali ya kidato cha nne yanakaribia. Kila mwaka, keki ikishakatwa na wageni wakishaondoka, vijana huendeleza sherehe mitaani, ambako pombe haikosekani, kisha usiku hurejea makwao kwa pikipiki, mara nyingi wakiwa wamepakiwa mshikaki, watatu nyuma ya dereva ambaye naye alikuwa akisherehekea. Mkuu wa shule amenipa vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, nizungumze na kidato cha tatu na cha nne kuhusu hatari ya kuendesha chombo cha moto baada ya kunywa.

Mwaka jana tulimwalika mgeni aliyeonyesha picha za maiti na magari yaliyokunjamana. Baadhi ya wasichana walifunika macho, wavulana wakaguna na kucheka, na hadi jioni picha zile zilikuwa zimeshageuka mzaha. Isitoshe, wanafunzi wangu karibu wote hawana gari, na leseni ya gari haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18, hivyo wapo walioniuliza waziwazi somo hilo linawahusu nini. Wapo pia wazazi wanaoona kwamba kumweleza mtoto habari za pombe na usafiri kwa pamoja ni kumpa ruhusa ya kunywa. Ningependa kusikia kutoka kwa walimu, wazazi na watu wa afya: ninyi mngeanzia wapi?

Muuguzi, Wodi ya Mifupa

Mwalimu, picha za maiti ziacheni. Kijana wa miaka 16 haamini kwamba atakufa, kwa hiyo picha ya mfu inamhusu mtu mwingine. Anachokiamini ni kubaki nyuma ya wenzake. Mweleze basi habari za yule aliyenusurika: amelala chali, mfupa wa paja umevunjika, mguu unavutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, na hata haja ndogo anasaidiwa na mama yake au na dada wa zamu. Mfupa wa paja huchukua miezi mitatu na zaidi kuunga sawasawa. Aliyeanguka usiku wa mahafali, mtihani wa taifa wa Novemba unamkuta kitandani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na hiyo ni idadi ya waliokufa tu, bila hawa wa wodini kwangu.

Kuna jambo moja ningekuomba ulitengee dakika kumi kamili, kwa sababu halisemwi mashuleni. Mtu aliyelewa akianguka na kupiga kichwa, wenzake husema, "Amelewa tu huyo, mwacheni alale." Dalili za kuvuja damu ndani ya fuvu, yaani kusinzia, kutapika, maneno kuburuzika na kuyumba, zinafanana mno na dalili za ulevi, na hata sisi hospitalini hutupa taabu kuzitenganisha. Wafundishe kwamba mlevi aliyeanguka hapelekwi kulala. Anapelekwa hospitali usiku huohuo, na wanaomfikisha waseme bila kuficha kwamba alikuwa amekunywa.

Mwalimu wa Fizikia (Moshi)

Mimi ningeanza na rula. Mwanafunzi mmoja anaishika juu, mwenzake anaweka vidole chini bila kuigusa, inaachiwa ghafla na huyu anaidaka. Ikishuka sentimita 20 kabla ya kudakwa, ubongo na mkono vimetumia takriban sekunde 0.2, na hesabu hiyo kidato cha tatu wanaiweza wenyewe. Kisha mpe mdakaji kazi ya kuhesabu kinyumenyume kutoka 100 kwa kutoa saba saba, uone rula inavyoteleza. Pombe huuchelewesha ubongo vivyo hivyo, ila mnywaji mwenyewe haoni kwamba amechelewa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kushika breki, ameshakwenda mita nane zaidi, na nyingi ya barabara zetu za lami hazifiki upana huo.

Baada ya hapo waende kwenye damu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Kwa kanuni ya Widmark, ambayo hukadiria kilevi kilichomo katika damu, gramu hizo hugawanywa kwa uzito wa mwili uliozidishwa na 0.68 kwa mwanamume au 0.55 kwa mwanamke. Mvulana wa kilo 60 akiinywa upesi hufikia karibu miligramu 49 katika mililita 100 za damu; msichana wa kilo 50 hufikia karibu 73, wakati ukomo wa sheria yetu ni 80. Mililita 100 za pombe kali ya asilimia 35 zina takriban gramu 28, zaidi ya bia nzima, na ndiyo maana viroba, yaani vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, kabla ya kupigwa marufuku Machi 2017, viliwalewesha vijana upesi huku vikikaa mfukoni bila kuonekana.

Sehemu inayowashangaza zaidi ni ya kushuka. Ini hupunguza takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, wala haliharakishwi na kahawa, maji baridi au supu ya makongoro. Aliyefikia 150 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 60, na huyo ndiye anayewasha pikipiki akisema amelala na yuko sawa.

Mama Mlezi (Tanga)

Mwalimu wa Fizikia, hesabu zako ni nzuri, lakini naona mlango uliouacha wazi. Kijana mjanja atazitumia kujua anywe kiasi gani asifike 80. Nami natoka katika nyumba ambayo pombe ni haramu, na sitaki mwanangu arudi na jedwali la chupa.

Mwalimu wa Fizikia (Moshi)

Hofu hiyo ni ya haki, Mama. Kwa sababu hiyo huwa sichori mstari kwenye 80. Nawaambia kwamba 80 ni kiwango cha kushitakiwa, na haina maana kwamba chini yake mtu yuko salama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa madereva wote na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha, na hiyo 20 kijana wa kilo 60 anaivuka kabla ya kumaliza nusu ya chupa.

Mama Mlezi (Tanga)

Ahsante, hapo nimekuelewa. Hata hivyo, nisingependa dakika zote 80 ziende kwa mnywaji. Binti yangu hanywi na hatarajii kunywa, lakini harusi ikiisha usiku anapanda pikipiki ya binamu yake, au gari la mjomba wake, na hao siwezi kuwaapia. Mtoto asiyekunywa hata tone anaumia sawasawa na aliyekunywa. Tena anayempakia si rafiki wa rika lake, ni mkubwa wake. Sisi tumewalea watoto wetu wasiwajibu wakubwa, wapokee kwa mikono miwili na wasikatae wakiitwa. Sasa kijana huyo atamwambiaje mjomba, mbele ya watu, "Wewe umelewa, sipandi"? Hathubutu, na akithubutu ataambiwa hana adabu.

Kwa hiyo nyumbani tumepanga maneno ya kukataa ambayo hayamvunjii mtu heshima. Kwa mfano: "Mjomba, niwie radhi, mama ameniagiza nimsubiri shangazi hapa hapa." Au: "Kaka, tumbo limenivuruga, nikipanda sasa nitatapika garini." Au anasema amepigiwa simu nyumbani na ni lazima aende kuipokea ndani. Huo uongo mdogo naubeba mimi, na nimemwambia hivyo. Akishafika ndani ananipigia, na mimi ndiye ninayezungumza na huyo mjomba, mkubwa kwa mkubwa. Ningependa kuona wanafunzi wakiigiza hali hii darasani, mmoja akiwa mjomba anayebembeleza, anayekasirika na hatimaye anayesema "kwani huniamini?", kwa sababu hapo kwenye swali la kuaminiana ndipo watoto wengi hulegea na kupanda.

Afisa Afya ya Jamii (Dodoma)

Mama Mlezi amegusa jambo ambalo utafiti unaliunga mkono. Jopo la wataalamu wa kinga ya jamii nchini Marekani lilichambua tafiti za masomo ya shuleni kuhusu pombe na uendeshaji, likakuta ushahidi wa kutosha kwamba masomo hayo hupunguza vijana kupanda vyombo vya madereva waliokunywa. Kuhusu kupunguza vijana wenyewe kuendesha wakiwa wamekunywa, ushahidi haukutosha. Kwa maneno mengine, somo linalomlenga abiria lina rekodi bora kuliko lile linalomlenga dereva, na wanafunzi wa Mwalimu karibu wote ni abiria.

Baba wa Watatu (Thika, Kenya)

Nakubaliana na Mama wa Tanga, ila ningeongeza kwamba wazazi pia waitwe kwenye somo hilo. Hapa kwetu, tangu kipima ulevi cha Alcoblow kianze kutumika Desemba 2013, watu wazima wamezoea kutumiana ujumbe wa WhatsApp kuarifiana trafiki wamesimama wapi usiku huo, ili wapitie njia ya panya. Mtoto aliyeketi kiti cha nyuma anasikiliza yote hayo, na anachojifunza ni kwamba hatari ni askari mwenye kifaa, si bia iliyo tumboni mwa baba yake. Mwalimu atafundisha kwa dakika 80, nasi tutayafuta hayo Ijumaa moja.

Mwaka 1981, huko Wayland, Massachusetts, mwalimu Robert Anastas na wanafunzi wake walianzisha umoja wa kupinga uendeshaji wa walevi, na ukatoka na mkataba wa kutiwa sahihi na mzazi na mtoto. Mtoto aliahidi kupiga simu akikosa usafiri salama. Mzazi aliahidi kumfuata au kumlipia nauli saa yoyote, na mazungumzo yasubiri hadi wote wametulia. Kwetu sehemu ngumu ni hiyo ya kusubiri. Mtoto anayejua kwamba atachapwa kwanza na kuulizwa baadaye hatapiga simu saa saba usiku. Atapanda chochote kinachopita.

Mwalimu wa Malezi (Morogoro)

Nawashukuru nyote. Nimeamua kwamba kipindi cha kwanza kitakuwa cha rula na hesabu, bila jedwali la chupa, pamoja na onyo la Muuguzi kuhusu kuumia kichwa. Cha pili chote kitakuwa cha maigizo ya abiria anayekataa. Wazazi nitawaandikia barua ya ukurasa mmoja kuhusu ahadi ya simu. Limebaki la nauli. Wengi wa wazazi wangu hawana gari la kumfuata mtoto, na usiku huo bajaji huwa chache.

Mwenyekiti wa Kijiwe cha Bodaboda

Mwalimu, mshikaki hautokani na ulevi peke yake, unatokana na nauli. Watoto watatu wana hela ya safari moja, basi wanabanana, na dereva makini akiwakataa, anayewakubali ni yule aliyekwisha kunywa. Nenda kwa viongozi wa kijiwe kilicho karibu na shule wiki moja kabla. Sisi tunafahamiana, tunajua nani hagusi pombe akiwa kazini na nani haaminiki ikifika saa mbili usiku. Wazazi wachange mapema na walipe kwa simu kwa kiongozi mmoja, nasi tuwatenge madereva wa usiku huo, kila mmoja abiria mmoja na kofia ngumu mbili. Namba iliyo kwenye reflekta ya dereva iandikwe mbele ya jina la mwanafunzi, na nakala ya orodha abaki nayo mlinzi wa getini. Ila tafadhali, sherehe ziishe kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo hata wale wazuri wanakuwa wamechoka.