Mjadala: Miongozo ya vitabu teule iondolewe shuleni?

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, hapa Kenya, na kitabu cha riwaya cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilinishinda nilipokuwa kidato cha tatu. Mhusika mkuu, Karama, yuko kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na jambo la manufaa, kila mjumbe anatupwa gerezani. Nilipofika kwa wa tatu nikasema ah, nimeshaelewa. Nikaazima mwongozo, kile kijitabu cha muhtasari na majibu, nikamaliza kabla ya kengele ya chakula. Mtihani nikapita.

Nilikirudia nikiwa mtu mzima. Kumbe kule kuchoka ndiko kwenye utamu! Ukifika kwa Ridhaa, wa tano, unajua fika atafungwa, na bado unamwombea asifungwe. Mwongozo wangu uliandika tu kwamba wajumbe sita walifungwa. Kweli, lakini nani atapandwa na hasira kwa hilo?

Mimi nasema iondolewe. Haya, nipingeni.

Mchangiaji wa 1: Shikamoo mwalimu. Sisi tulikuwa na nakala moja kwa watu watano. Zamu yangu ilikuwa Jumapili usiku, na stima ikipotea ndiyo basi, hadi wiki ijayo. Ningengoja kupandwa na hasira ningefeli. Halafu tusidanganyane: karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni maswali manne, alama 80, saa mbili na nusu. "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4." Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Hapo aliyesoma mwongozo anakushinda hata wewe uliyesoma kitabu mara mbili. Badilisheni maswali kwanza, ndipo mtunyang'anye miongozo.

Mchangiaji wa 2: Mimi mzazi. Wangu riwaya hakuifungua, miongozo alinunua miwili. Pesa ni zangu.

Mwalimu: Marahaba. La nakala sina jibu, umenipata. La maswali pia nakubali nusu. Lakini mimi ndiye ninayesahihisha: darasa zima linanipa mfano uleule wa tashbihi, kwa mpangilio uleule, hata kosa la tahajia la mwongozo wamelinakili kwa uaminifu mkubwa. Basi wiki jana nikajaribu ushauri kama wako. Tulikuwa tumesoma Kusadikika kama kitabu cha ziada, nikawauliza: "Ulichoka ukiwa kwa mjumbe yupi, na kwa nini?" Nusu wameandika kwamba hawakuchoka hata kidogo, kitabu kinasisimua mwanzo hadi mwisho. Mmoja akanyoosha mkono akauliza jibu liko ukurasa gani.