Karo ya vyuo vikuu: serikali iweke kikomo, au iviachie vyuo?

Mleta mada

Wana mjadala, hamjambo. Tangu Wizara ya Elimu itangaze mwaka 2025 kwamba karo ya vyuo vikuu vya umma itashuka kwa kati ya asilimia 15 na 40 kuanzia Septemba, kila ninapokaa na watu hapa Nairobi, iwe kwenye matatu, kanisani au kwenye chama, yupo anayesema serikali imewaokoa wazazi na yupo anayesema imevivunja vyuo miguu. Naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Msimamo wangu nautoa mapema. Serikali ina haki na wajibu wa kuweka kikomo cha karo. Lakini kikomo hicho hakimsaidii mzazi kama hakigusi jumla yote anayoitishwa mtoto, na kama sheria haiifungi serikali yenyewe kulipa fungu lake kwa wakati.

Tukumbushane tulikotoka. Hadi 1974 serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu kila kitu na kumpa posho juu yake. Mwaka huo mikopo ikaanza. 1991 ukaja mfumo wa kugawana gharama, wakati Benki ya Dunia ikiibana serikali ipunguze matumizi, na 1995 HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ikaundwa. Karo ya mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali ikakaa shilingi 16,000 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, huku mishahara, vitabu, dawa za maabara na umeme vikipanda. Hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa. Wengi wetu huitaja 16,000 kwa hamu, na naelewa sababu, kwa maana wapo watoto wa wakulima na wa mama mboga waliotoka madaktari na wahandisi kwa bei hiyo.

Ila tujiulize nani alikuwa akilipa tofauti. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo sambamba, yaani ya wanaojilipia wenyewe, na vingine vikafuata, tofauti ililipwa na wanafunzi wa jioni waliotozwa mara nyingi zaidi ya wenzao kwa kozi ileile. Kisha yakaja matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya 2016, mwaka ambao udanganyifu ulibanwa kikweli. Waliopata C+, kiwango cha kuingia chuo kikuu, kwenda juu walikuwa 88,929 pekee, wote wakatoshea kwenye nafasi za ufadhili wa serikali, na kisima cha sambamba kikakauka. Serikali nayo ilikuwa imeahidi kugharamia asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi, lakini mgao uliofika ukateremka hadi chini ya nusu. Madeni tunayoyasikia leo, ya pensheni na makato ya wafanyakazi yasiyowasilishwa, mizizi yake iko hapo: bei ilidhibitiwa, malipo hayakudhibitiwa.

Mei 2023 Rais Ruto akatangaza mfumo mpya. Gharama halisi ya kozi inatajwa, kisha familia inapimwa mapato na kupangwa kwenye daraja. Madaraja yalipofika matano, wa daraja la kwanza, la maskini zaidi, akatakiwa kulipa asilimia 5 na wa tano asilimia 40, zilizobaki zikiwa ufadhili na mkopo. Udaktari ukaandikwa zaidi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ya hizo ni 240,000, kwa mtoto mmoja, kila mwaka, miaka sita. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaubatilisha mfumo huo, akisema unabagua na kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Mtoto aliyejiunga wakati huo amesoma miaka yake yote bila kujua kwa yakini atadaiwa kiasi gani.

Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu akinunua kiwanja hupewa bei kabla ya kuweka sahihi. Mzazi wa chuo hupewa bei ya muhula wa kwanza, nyingine atazikuta mbele. Kwa hiyo napendekeza hivi: kabla mtoto hajachagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, aone jumla ya miaka yote, karo na ada zote ndani yake, na bei aliyoingia nayo iwe ndiyo atakayotoka nayo. Chuo kikitaka kupandisha, kiwapandishie watakaoingia mwaka unaofuata.

Karibuni.

Mshonaji, Kariobangi

Ndugu mleta mada, umenigusa. Nina vijana wawili chuoni na sitaki kutaja vyuo vyao. Barua ya mkubwa ya kujiunga ilikuwa na jumla moja. Tukachanga, shangazi zake wakachanga, tukafanya harambee ndogo nyumbani, tukaifikisha. Siku ya usajili akaambiwa kuna ada ya matibabu, ada ya kitambulisho, ada ya maktaba, amana ya vifaa, ada ya chama cha wanafunzi, na nyingine sijui hata ni ya nini. Kila moja ni ndogo, ukizijumlisha zinakaribia mapato yangu ya mwezi mzima wakati ambapo si msimu wa sare za shule.

Halafu mnatangaziwa karo imeshuka. Mimi sikatai, nimeshukuru. Ila sikusikia mtu akitangaza kwamba hizo ada nyingine pia zimeshuka, au kwamba haziwezi kupandishwa kufidia. Mwenye nguo akiniletea kitambaa namwambia bei pamoja na uzi na vifungo. Sijui kwa nini chuo kishindwe.

Mhadhiri

Wenzangu, nimefundisha chuo cha umma muda mrefu na nitasema jambo ambalo wazazi hawatalipenda. Kila serikali inapotangaza karo nafuu, anayelipa tofauti ni mfanyakazi wa chuo. Angalieni tarehe. Karo ilishuka Septemba 2025. Mwezi huohuo, tarehe 17, sisi wa UASU, chama cha wahadhiri, tuliweka chini chaki, tukarudi darasani Novemba 5. Siku 49. Tulikuwa tunadai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, fedha za kazi ambayo ilishafanyika. Wanafunzi waliokaa nyumbani wiki saba waliendelea kulipia vyumba Ngara, Juja na Kahawa. Hiyo nayo ni karo, ingawa haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Kwa hiyo nikisikia neno kikomo naingiwa na hofu. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wengi kuliko viti. Wasaidizi wa kufundisha wameondoka mmoja mmoja na hawajaajiriwa wengine. Mkitaka bei iwe chini, semeni pia ni nani ataleta kinachobaki, na semeni tarehe atakayoleta. La sivyo hamdhibiti bei, mnashusha ubora.

Mleta mada

Mwalimu, hapo hatupingani. Ndiyo maana nilisema kikomo kiifunge serikali pia. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inaipa Bodi ya Hazina ya Vyuo Vikuu kazi ya kuweka kiwango cha juu cha gharama kwa kila programu. Maana yake udhibiti upo kwenye vitabu tangu zamani, wenye jina la kitaalamu na hesabu zake. Kinachokosekana ni adhabu kwa mlipaji mkubwa anapokosa kulipa. Mzazi akichelewa, mtoto ananyimwa kadi ya mtihani. Hazina Kuu ikichelewa, hakuna anayenyimwa chochote isipokuwa huyohuyo mtoto na wewe mhadhiri.

Ningependa sheria iseme wazi: fungu la serikali lisipofika, deni hilo ni kati ya serikali na chuo, halimgusi mwanafunzi. Asizuiwe mtihani, asizuiwe kuvaa joho, asinyimwe cheti kwa sababu ya fedha ambazo hakuwahi kutakiwa kuzilipa yeye.

Mhasibu, Lang'ata

Naheshimu hisia zenu lakini naona mnazunguka jambo. Vyuo viachiwe viweke bei, serikali impe mwanafunzi fedha mkononi, yeye aende anakotaka. Chuo kibovu kitakosa watu. Mfano wa kikomo mnao Uingereza. 1998 walianza na ada ya pauni 1,000. 2006 kikomo kikawa 3,000, 2012 kikawa 9,000, 2017 kikawa 9,250. Karibu kila chuo kikapanda hadi kwenye kikomo na kukaa hapo, kizuri na cha wastani vyote bei moja. Halafu kikomo kikagandishwa miaka, vyuo vikaanza kupunguza wafanyakazi na kufukuzia wanafunzi wa kigeni ambao hawana kikomo, hadi 2025 kilipopandishwa kidogo kuwa 9,535. Ile ni sambamba yetu kwa jina jingine.

Na msisahau vyuo vya kibinafsi. Mnataka serikali ivipangie bei navyo?

Mleta mada

Mfano wako wa Uingereza naukubali karibu wote, na ndio unaonitia wasiwasi na tangazo la 2025 kuliko unavyonitia wasiwasi na pendekezo langu. Kikomo kinachogandishwa kwa woga wa kura ndicho kilichotuua kwenye 16,000. Kwa hiyo kipitiwe upya kila baada ya muda uliotajwa kwenye sheria, kwa hesabu zilizo wazi, na mabadiliko yawaguse wanaoingia tu.

Lakini kuachia bei kabisa sikubali. Soko unalolisema linahitaji mnunuzi anayeweza kuhama. Kijana wa Mathare aliyepata nafasi ya uuguzi, yuko mwaka wa pili, bei ikipanda atahamia wapi? Ameshatumia mkopo wa miaka miwili. Tumeona mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopandisha karo ya uzamili na ya wanaojilipia: waliokuwa na uwezo walilipa, wengine waliandamana, wengine wakaahirisha masomo.

Kuhusu vya kibinafsi, nisingevipangia bei. Ningevitaka vitangaze jumla yote mapema na visibadilishe bei kwa aliyeingia. Hilo ni la kumlinda mteja, nalo halimnyimi mwenye chuo faida yake.

Mwaka wa tatu, Ngara

Makomredi wengi hawana muda wa kuandika hapa, kwa hiyo niwasemee kidogo. Mnaongea kuhusu asilimia na madaraja. Kwa kweli kinachomtoa mtu chuoni mara nyingi ni kiasi kidogo kwa wakati mbaya. Nimemwona mwenzangu akikosa mtihani kwa shilingi elfu chache, mkopo wake ukaingia wiki mbili baadaye. Akarudia somo, na kurudia nako kunalipiwa.

Halafu kuna wale wa katikati. Mzazi ana payslipu, kwa hiyo anaonekana ana uwezo, lakini hiyo payslipu ina mkopo wa sacco, ina wadogo watatu sekondari, ina nyanya anayetumia dawa za presha. Afrika Kusini walikutana na hilohilo. 2015 wanafunzi waliandamana hadi ongezeko la karo likawa sifuri. Desemba 2017 serikali yao ikatangaza elimu ya bure kwa familia zenye mapato ya hadi randi 350,000 kwa mwaka. Aliyezidi hapo kidogo akabaki nje, akiwa maskini mno kulipa na tajiri mno kusaidiwa. Mstari wowote mtakaochora utamwacha mtu upande wa pili, kwa hiyo muweke na njia ya kukata rufaa inayojibiwa kabla muhula haujaisha.

Mhasibu, Lang'ata

Kuhusu bei kutobadilika kwa aliyeingia, nimeshawishika. Kwenye biashara tunaita hivyo mkataba na hakuna chuo makini kinachopaswa kuuogopa. Kwenye kikomo bado nawapinga. Mtaweka kikomo leo, kesho ada mpya itapewa jina mtakalolisikia kwa mara ya kwanza siku ya usajili.

Mshonaji, Kariobangi

Mzee wa hesabu, ndiyo maana tunasema jumla. Ikiwa haikuandikwa kwenye barua ya kujiunga, isidaiwe. Hilo halihitaji mtaalamu, linahitaji mstari mmoja kwenye sheria na afisa wa kumpigia simu chuo kinapokaidi.

Mhadhiri

Ukiuandika mstari huo, mama, andika na wa pili chini yake: mgao wa serikali ufike chuoni kabla ya wiki ya kwanza ya mihadhara. Nitaitia sahihi yote miwili, na nitawaambia wenzangu chamani waitie.

Mleta mada

Basi nitaandaa rasimu ya mistari hiyo miwili, pamoja na ile ya rufaa aliyoisema mwanafunzi, niilete hapa tuikosoe kabla ya kumpelekea mbunge yeyote. Mhasibu, naomba uwe wa kwanza kuipinga, kwa maana palipo na tundu wewe utaliona. Naomba hasa mtu anayejua kazi za ofisi za fedha za vyuo atuorodheshee ada zote anazozijua kwa majina yake, moja baada ya nyingine, ili jumla tunayoidai isiache hata moja nje.