Naomba ushauri: kompyuta ya kudarizi yenye Windows XP imekuwa nzito, na siwezi kuihama

Mama Sindano:
Wakuu, habari za jioni. Niko Makambako, nina karakana ndogo ya kudarizi nembo kwenye masweta ya shule. Mashine niliinunua iliyotumika, ikaja na kompyuta yake: Pentium 4, RAM MB 512, Windows XP. Programu ya kuchorea nembo haifunguki mpaka kidude cha leseni kiwe kimechomekwa nyuma, kwenye lile tundu refu la printa za zamani lenye vitundu 25. Nikimaliza kuchora nahifadhi kwa DST, aina ya faili ambayo mashine ya kudarizi inaisoma, naweka kwenye flopi, flopi naipeleka kwenye mashine. Ni miaka 6 sasa, na ada za watoto zimetoka humo humo.

Tangu Septemba imekuwa shida. Inachukua dakika 11 kuwaka, nimepima kwa simu. Nikifungua nembo, mshale wa mausi unakwama halafu unaruka. Kila asubuhi saa inarudi Januari 2003, na siku nyingine programu inasema haioni kidude mpaka nizime na kuwasha mara 3. Wateja wakileta nembo kwenye flashi, nikichomeka tu folda zote zinageuka shortcut. Tena macho yangu si yale ya zamani, maandishi nayaona kwa kuinama. Na kijana aliyekuja kufunga printa aliuhamisha ule upau wa Start ukaenda kusimama upande wa kulia wa kioo, unanila nafasi ya kuchorea.

Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows upya, elfu 35. Naogopa, kwa sababu CD ya ile programu sina. Nina oda ya masweta 240, yanatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nisaidieni jamani.

Kijana wa Kodi:
Mama, pole. Ukweli ni kwamba XP iliachwa tangu tarehe 8 Aprili 2014, haipati masasisho ya ulinzi. Tafuta laptop iliyotumika yenye Windows mpya zaidi, hamishia kazi huko. Utapumzika.

Chuma Chakavu:
Kijana, soma tena alichoandika. Laptop ya leo haina lile tundu la vitundu 25. Zile kebo za USB kwenda tundu la printa zinahudumia printa tu, vidude vya leseni vingi havionekani kupitia kwake. Na CD hana. Akipigiwa Windows upya, programu imekwenda na oda imekwenda. Dada, fundi huyo asiiguse hiyo mashine kwa sasa.

Mzee wa Spea:
Binti yangu, nimetengeneza kompyuta za aina hiyo tangu zikiwa mpya dukani, kwa hiyo soma taratibu, usiruke.

Kabla ya kugusa kitu chochote, toa nakala ya diski nzima. Siyo kunakili folda ya nembo, ni diski yote kama ilivyo, na Windows yake na programu yake. Mtafute mwenye adapta ya kuunganisha diski ya IDE, yaani ya zamani yenye kebo bapa, kwenye USB, atumie programu ya Clonezilla, ni ya bure. Diski ya kupokea iwe na ukubwa sawa au zaidi. Ukipata kubwa kuliko GB 137, hakikisha XP yako ina angalau kifurushi cha masasisho cha Service Pack 1, vinginevyo haitaiona yote. Hiyo nakala ndiyo CD ambayo huna. Bila hiyo, mimi nisingekushauri hata kubadilisha picha ya mbele.

Sasa saa. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Imekufa. Watu hudhani inatunza saa peke yake, kumbe inatunza mipangilio yote ya BIOS, ile programu ndogo ya ubao inayoiamsha kompyuta, na humo ndimo umewekwa mtindo wa lile tundu la kidude chako. Betri ikiisha, ukichomoa umeme usiku, asubuhi bodi inaamka na mipangilio ya kiwandani. Ndiyo maana siku nyingine kidude hakionekani. Nunua betri mpya, halafu ingia BIOS utafute Parallel Port. Ikiwa kwenye mtindo wa SPP jaribu EPP, kisha ECP, mpaka programu ikione kidude kila unapowasha. Andika jibu kwenye karatasi, libandike ubavuni mwa kompyuta.

Huo uzito ndio umenifanya niandike usiku huu. Kukwama kwa mausi wakati diski inafanya kazi ni dalili ninayoifahamu. XP ikikutana na makosa ya kusoma diski yakijirudia, inashusha mwendo wa njia ya diski hatua kwa hatua mpaka inafika PIO, mwendo wa chini kabisa, na ikishafika huko haipandi yenyewe hata kosa likiisha. Kwenye PIO prosesa ndiyo inayobeba kila kipande cha data, kwa hiyo haina nafasi ya kuhudumia mausi. Bofya kulia My Computer, chagua Properties, Hardware, Device Manager. Fungua IDE ATA/ATAPI controllers, bofya mara mbili Primary IDE Channel, nenda Advanced Settings. Niambie mbele ya Current Transfer Mode pameandikwa nini. Usibadilishe kitu, soma tu.

Binti wa Mitambo:
Mimi nashika upande wa flashi. Dada, faili za wateja hazijapotea, zimefichwa. Kirusi kinaficha folda halisi na kuweka shortcut yenye jina lile lile, kikisubiri uibofye mara mbili. Usiibofye. Nenda Start, Run, andika cmd. Kama flashi yako ni E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri, folda zitarudi. Kisha futa shortcut zote, pamoja na faili usiyoijua inayoishia na .vbs. Kwa kuwa zinageuka kila ukichomeka, kirusi kimeshakaa ndani ya kompyuta yenyewe. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete, kwenye Processes utafute wscript.exe uisimamishe, halafu Run, andika msconfig, na kwenye Startup uondoe tiki kwenye mstari wowote unaoitaja hiyo .vbs. Faili lenyewe lifute pale msconfig inapokuonyesha lilipo. Na kuanzia leo flashi ya mteja ipite kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye antivirus. Hiyo ya kudarizi isiunganishwe na intaneti kabisa. Mwaka 2017 WannaCry ilipita kwenye mtandao bila mtu kubofya kitu, mpaka Microsoft wakalazimika kutoa kiraka cha XP iliyokwisha kuachwa.

Kijana wa Kodi:
Nimeelewa, nilikimbilia kujibu. Kuhusu macho, bofya kulia kwenye eneo tupu la kioo, Properties, Appearance. Windows and buttons weka Windows Classic, Font size weka Extra Large. Ile rangi ya bluu itaondoka, lakini inakuwa nyepesi kwa RAM ya MB 512. Upau: bofya kulia juu yake, toa tiki ya Lock the taskbar, ushike sehemu tupu uuburute mpaka chini, kisha rudisha tiki.

Mzee wa Spea:
Vizuri. Kuna na DPI, kipimo kinachokuza maandishi na vitufe vyote, iko Settings, Advanced, General, inapanda kutoka 96 kwenda 120. Ila hiyo mwachie kwanza. Programu nyingi za enzi zile zilichorwa kwa 96, ukipandisha vitufe vinakatika au vinatoka nje ya dirisha. Extra Large inamtosha.

Mama Sindano:
Wakuu, nimerudi. Nakala ya diski nimetolewa Njombe, nimekaa pale pale mpaka ikaisha. Betri nimeweka, saa haijarudi nyuma siku 3 sasa. Parallel Port ilikuwa SPP, nimeweka EPP na kidude kinaonekana kila asubuhi. Folda za flashi zimerudi zote, na wscript niliikuta kweli. Upau uko chini, maandishi nayasoma nikiwa nimeegemea kiti.

Mzee wangu, pameandikwa PIO Mode.

Mzee wa Spea:
Nilijua. Bofya kulia Primary IDE Channel hiyo hiyo, chagua Uninstall, kubali, uwashe upya. XP itaitambua upya na kuipa mwendo wake. Ikikuomba kuwasha tena, washa.

Mama Sindano:
Imepanda! Imeandikwa Ultra DMA Mode 5. Imewaka dakika 2. Nimefungua nembo kubwa ya tai yenye mishono zaidi ya elfu 20, mshale unateleza tu. Mungu akubariki mzee.

Mama Sindano:
Mzee, jana jioni imerudi nzito. Nimeangalia, ni PIO tena.

Mzee wa Spea:
Basi makosa bado yapo, Windows haina lawama. Zima, chomoa umeme, fungua ubavu. Ifuate ile kebo bapa inayotoka kwenye diski mpaka kwenye ubao. Niambie imepitaje.

Mama Sindano:
Imekunjwa imebanwa chini ya mlango wa CD. Kwenye kona ya mkunjo plastiki imepasuka, naona waya unang'aa.

Mzee wa Spea:
Hiyo hapo. Nunua nyingine, usichukue ile yenye nyaya nene 40, chukua yenye nyaya nyembamba 80. Vichwa vyake vinafanana, lakini yenye nyaya 40 haiwezi kubeba mwendo wa Mode 5. Ipitishe bila kuikunja, halafu rudia ile Uninstall mara moja.

Mama Sindano:
Siku ya 9 leo, bado Mode 5. Masweta 112 yamekamilika, nadarizi mpaka saa 4 usiku. Kebo ni elfu 5, nimeitoa kwenye kompyuta mbovu ya fundi yule yule wa elfu 35, naye amekuja kuangalia jinsi ya kusoma hiyo PIO. Diski ya nakala nimeifunga kwenye nailoni, iko kabatini na nyuzi.

Mzee wa Spea:
Itoe kwenye nailoni leo hii, nailoni inajenga umeme tuli unaoweza kuua diski. Mwombe huyo fundi mfuko wa kijivu unaokuja na spea, au izungushie gazeti kavu uiweke kwenye boksi. Na oda ikiisha, ifunge ndani ya kompyuta uwashe nayo siku moja, ujue kwa macho yako kwamba inafanya kazi.